Koti la Kulengea Shabaha

Mpwa wangu Rehema,

Marahaba, naiitikia shikamoo yako nikiwa Arusha, mji ambao haukuwa na mlenga shabaha wa kweli mpaka nilipofika mimi. Baridi ya Meru si mchezo, mtori unapoa kabla kijiko hakijafika mdomoni.

Kesho ndiyo mashindano ya bunduki. Leo tulichagua makoti ya klabu, nami nikachukua lililonibana kifua kikatuna kama cha jogoo. Mama Aneth wa Kijenge, mshindani wangu, akacheka: "Shemeji, kwani unaenda harusini? Lala chini ulenge, ndipo utajua kama limekukaa!"

Nikalala kifudifudi na bunduki tupu. Mtutu ukawa unaruka kila moyo ukipiga, kwa jinsi koti lilivyonibana. Miaka yote hii sikuwahi kuusikia moyo wangu ukihangaika hivyo kwa ajili yangu.

Nikajaribu mengine, mpaka moja likatulia mabegani na tumboni, na mtutu nao ukatulia. Niombee kesho mkono usitetemeke, nawe ujitunze, mwanangu.

Ila mama yako asijue: lililonikaa ni koti la kike.

Mjomba wako, Elisante