Mkadi Nilioupeleka kwa Shiva

Jumatatu, 8 Septemba
Somo la tano. Nimelimwagia maji jiwe la Shiva, mungu wa Wahindu, polepole, kama mwalimu wangu Bibi Kusum anavyotaka. Akanipaka majivu kwenye paji la uso. Kisha pumzi. Vuta. Tulia. Toa. Tulia. Anasema Shiva yuko pale katikati, pumzi ikishaingia na kabla haijatoka. Mimi pale katikati nilikuwa nawaza suruali ya mteja niliyoiacha kwenye cherehani.

Lakini kifua kimefunguka. Tangu mwanangu afariki mwaka jana, pumzi ilikuwa haifiki chini.

Nimenawa uso stendi ya Korogwe, nikapanda basi la Handeni. Mama nimemwambia tena nilifuata vitambaa. Uongo wa tano.

Alhamisi, 11 Septemba
Jumatatu Bibi atanipa mantra, jina takatifu la kuvutia pumzi. Hampi kila mtu. Siku ya kwanza nilimuuliza kama lazima niache Uislamu. Akacheka. Alinikuta nahema dukani kwake Korogwe, akanipa kiti, basi. Watu wanadhani tantra, haya mafunzo yake, ni uchawi wa mapenzi. Kumbe ni kukaa kitako mgongo wima mpaka miguu ife ganzi!

Jumamosi, 13 Septemba
Nimekwenda harusini huko Hale. Nimepewa ua la mkadi, chumba kizima kinanukia. Kwetu ukimheshimu mtu humpelekei ua la ovyo. Hili la Shiva. Nimelificha kwenye droo ya cherehani. Nina furaha ya kitoto.

Jumatatu, 15 Septemba
Aibu! Nimeliweka tu juu ya jiwe, Bibi kaliondoa kama linaunguza. Maua mengi yanakubalika, hilo hapana. Kasimulia kwamba zamani mkadi ulitoa ushahidi wa uongo mbele ya Shiva. Akaukataa tangu siku hiyo, na harufu yake yote.

Nikalia. Nikamweleza habari ya mama na vitambaa.

"Sasa mwanangu, pumzi itapita wapi na uongo umekaa kifuani?"

Mantra hakunipa. Nimenuna njia nzima. Namchukia yeye, ua, na mimi mwenyewe zaidi.

Jumatano, 17 Septemba
Sijasema. Naogopa. Mama ndiye pekee niliyebaki naye. Akidhani nimeritadi hatanifukuza. Atanyamaza. Siwezi kuishi na kimya chake.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimesema. Mama alikuwa anachambua mchicha. Nikatoa yote, jiwe, maji, pumzi, na kwamba sala sijaacha. Yeye akaendelea na mchicha wake.

"Nilijua. Vitambaa gani hivyo? Kila Jumatatu unarudi mikono mitupu na majivu kwenye nyusi!"

Jamani! Wiki zote hizo!

Mama jiwe halipendi, kasema wazi. Ataniombea dua. Ila tangu nianze kwenda huko nakula, na hilo kaliona. Nimecheka mpaka nimelia.

Jumatatu, 22 Septemba
Bibi hakuniuliza kitu. Kanitazama, kaninong'oneza jina sikioni. Siliandiki hapa. Pale katikati ya pumzi sikuwaza suruali ya mtu.

Stendi sikunawa uso. Mama kanifungulia mlango, kanitazama paji la uso. Akalowesha ncha ya kanga yake, akafuta majivu yaliyodondokea kwenye nyusi. Ya kwenye paji akayaacha.