Kura ya Jengo la Sekondari

Kaka Elia,

Wamekuchoma. Nakwambia mimi dada yako, maana hakuna mwingine atakayekwambia. Nimekurudisha Uchagani ndani ya kopo ambalo huku Guangzhou ningewekea majani ya chai, na mtaji wako wote bado uko baharini kwenye kontena la jinzi.

Ulipoanguka kule sokoni Guangyuan Xilu, wapagazi walikuruka na marobota yao. Laoban wako, yule bosi uliyemsifu kuwa ni rafiki, aliniuliza kama mzigo bado nauchukua. Sikulia hapo. Nililia mtaani Dengfeng, mgahawani, watu wa kwetu walipokusanyika kupiga kura: ile michango ya jengo la sekondari ya kijijini ikusafirishe kwa ndege, au ibaki iwe saruji na mabati. Hapa maiti asiyesafirishwa huchomwa. Wote walilijua hilo.

Kura yetu unaijua. Hatuandiki karatasi, tunanyoosha mikono huku tunaangaliana. Wewe ndiye uliyetaka hivyo, ukisema kura ya siri inalea majungu. Basi nikanyoosha mkono kwa ajili yako, ukabaki juu peke yake mpaka bega likaniuma. Watu uliowalipia chumba, uliowafundisha kukataa bei kwa Kichina, waliinamia sahani zao za wali.

Wa kwanza kunyoosha kwa ajili ya jengo alikuwa Mama Happy. Tena alisimama. "Pesa ya shule haiguswi, hata kwa maiti." Maneno yako yale yale, Kaka. Mwaka jana mumewe alipofia hapa, si alipiga magoti mbele yako kwenye mgahawa huohuo, akiomba akamzike kwao migombani? Ukamjibu hivyo, ukapitisha sheria, kisha ukaagiza chakula. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilitaka kumchukia yule mama, nimeshindwa. Nakuchukia wewe kidogo, halafu nakukumbuka ukinipulizia uji nikiwa mdogo, nachoka.

Nyumbani walikuchongea jeneza la urefu wako. Kopo likawa linabingirika humo ndani, mpaka shangazi akalizungushia kanga yake. Mchungaji alianza kuhubiri faida za elimu, Mama akamtazama, akaacha.

Jengo limefika kwenye linta. Ni zuri, siwezi kusema uongo. Wanataka kuandika jina lako juu ya mlango, na aliyependekeza ni Mama Happy. Sijui kama ni wema au ni kisasi, na sitamuuliza.

Mama anachojua ni kwamba palikuwa na sheria, na sheria ndiyo iliyokuchoma. Nilikaa naye mwezi mzima kabla ya kurudi huku. Kila asubuhi, kabla ya kumkatia ng'ombe majani, anakwenda kaburini kwako, anafungua kanga, anashika titi alilokunyonyeshea, na kumlaani mtu aliyetunga sheria ile. Anasema asipumzike, hai au maiti, popote alipo. Unaijua laana ya titi, Kaka. Hata sasa nikipiga simu dukani kwa jirani, salamu haijaisha ananiuliza jina la mtu huyo.

Lala, Kaka yangu, kama unaweza. Nakuahidi sitamwambia.

Mdogo wako,
Aneti