Zamu ya Mkwe Wangu

Bondeni, Mombasa
3 Machi 1947

Mpwa wangu Zein,

Salamu nyingi zikufikie hapo Voi na udresa wako wa kufunga watu vidonda. Sisi wazima, na mimi nimewazidi wote. Ile bawasiri iliyonitesa tangu mwaka wa njaa imekatwa Alhamisi. Daktari alisema hajapata kuona kubwa kama yangu. Aliwaita wenzake watatu waje watazame, mmoja akavua kofia. Mimi sikulia, kisu ndicho kilicholia. Siku ya pili nikaenda kwa miguu yangu hadi Makadara, nikala mkate wa mofa. Majirani nimewaambia ni jipu la paja. Homa ipo kidogo na mkojo unasuasua, si neno.

Mjomba wako,
Chonga

Voi
5 Machi 1947

Shikamoo Mjomba,

Nimecheka, kisha nilipofika kwenye mkojo nikachukua kalamu papo hapo. Bawasiri ikishakatwa, mara chache sana, uchafu wa kidonda huingia damuni. Dalili zake ni homa, mkojo kuziba na maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Ni nadra, lakini huua, tena upesi. Rudi hospitali ukiipata barua hii. Siku hizi kuna sindano ya penisilini. Nakuomba, usione haya.

Mwanao,
Zein

Bondeni
7 Machi 1947

Zein mwanangu,

U hali gani? Mimi nipo. Jana nilikwenda, nikafika hata mlangoni pa wadi. Nani yuko zamu? Ngala, mume wa Mbeyu wangu. Yeye ndiye awavuaye watu nguo na kuwaosha vidonda. Akaniamkia, "Shikamoo baba, umemleta nani?" Nikamwambia nimepita kumjulia hali tu.

Mtu aliyenitolea mahari ya mwanangu, nimwinamie? Mimi niliyemfukuza simba wa Tsavo kwa kikohozi? Zamu yake inakwisha Jumatatu, nitarudi. Naandika nikiwa kifudifudi. Mkojo tangu jana haujatoka.

Mjomba wako,
Chonga

Voi
8 Machi 1947

Mjomba,

Salamu utanisamehe. Jumatatu ni mbali mno. Nimempelekea Ngala simu ya maandishi, nimemweleza yote. Atakuja na machela. Mimi ruhusa nimepewa kuanzia Jumanne.

Mwanao,
Zein

Bondeni
10 Machi 1947

Mpwa wangu,

Usiniulize hali. Ngala alikuja jana na machela na watu wawili. Nikatia komeo. Alisema kwa upole, "Baba, mimi nimeona wengi, nitafumba macho." Nikamjibu, utaoshaje kidonda umefumba macho? Akakaa kizingitini hadi adhuhuri, mlango wa mkwewe akaona haya kuuvunja. Mbeyu akalia. Sikufungua. Hukufanya vizuri, Zein, lakini sina kinyongo.

Leo maumivu yameondoka yote, mwili umepoa kama sakafu. Mbeyu nitampa barua hii dirishani, anadhani nimepona.

Ukifika Jumanne, vunja mlango. Nioshe wewe. Ngala na achimbe kaburi, na abebe jeneza mbele kabisa, ni mkwe mwema. Lakini chumba cha kuoshea asiingie.

Mjomba wako