Maganda ya Shaba na Rangi ya Kucha

Jumatano, 16 Septemba 1987

Nimepasua maganda manne kati ya kumi. Manne! Enzi zile nilikuwa napasua moja, tena kwa bahati mbaya. Ni maganda ya risasi za raifoli ya zamani ya jeshi, niliyookota kule kwenye machimbo ya kokoto. Shaba yake imezeeka, inataka kupashwa moto shingoni kwanza ndipo ilainike. Hilo nalijua. Nilifanya haraka tu. Haraka ya kwenda wapi, hata sijui.

Shida ni shingo. Ganda la raifoli lina shingo nyembamba, na bunduki ndogo ya marisawa, zile risasi ndogondogo za kupigia ndege, inataka ganda lililonyooka. Basi unatia chembe ya baruti, unashindilia unga wa mahindi, unaziba kwa nta, unaelekeza mtutu juu, unafyatua. Shingo inatanuka. Ganda linatoka limenyooka, na uwanja mzima unanuka uji ulioungua.

Marehemu mke wangu Stefka alikuwa akifungua mlango wa jikoni na kupiga kelele, unapika au unapigana, Wasyl? Miaka yote thelathini na minane aliuliza hivyohivyo. Leo nimefyatua mara kumi na mlango haukufunguliwa.

Ijumaa, 18 Septemba

Leo nimetulia. Nimepasha shingo kwa tochi ya gesi, moja moja, nikazitumbukiza majini, kisha nikafyatua. Maganda kumi na sita, hata moja halikupasuka! Nimetazama huku na huku nimwonyeshe mtu. Mjinga mimi.

Nimekata vizibo kutoka kwenye kofia yangu ya zamani ya sufi. Kadi za juu nimekata kwenye boksi la maziwa. Fataki, baruti, kizibo, marisawa, kadi. Yote sawa. Halafu nimekwama. Ganda la shaba halikunjwi mdomo kama la plastiki. Ile kadi ya juu lazima uipake rangi ya kucha ndiyo ishike. Na chupa ya Stefka imekauka kabisa. Nimeitia asetoni, nimeitikisa, wapi!

Gundi nilishajaribu. Baridi ikija inabanduka, marisawa yanakumwagikia mfukoni. Itabidi ninunue rangi. Mimi, mzee wa miaka sitini na tisa!

Jumamosi, 19 Septemba

Aibu niliyoipata leo dukani kwa Thora!

Nilizunguka weee mpaka watu wapungue. Nikaweka chupa nyekundu kaunta, katikati ya misumari na kopo la kahawa, kama vile imejiingiza yenyewe. Thora akaiinua juu. Juu kabisa! Akasema, ehee, Mzee Wasyl, huyu ni nani tena? Nyuma yangu kumbe yuko Einar, jirani yangu, na tabasamu lake la meno matatu.

Ningesema tu: ni ya risasi, mama. Maneno manne! Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, anapenda nyekundu.

Anapenda nyekundu! Nani?

Thora akashika kifua. Akasema hongera, tena akabadilisha chupa, akaniambia ile inabanduka haraka, mchukulie hii. Einar akanibebea boksi hadi kwenye gari. Einar, ambaye hajawahi kunibebea hata gazeti.

Nimepaka maganda yote kumi na sita. Kweli hii ni nzuri zaidi.

Jumanne, 22 Septemba

Einar amekuja na kahawa kwenye chupa ya chai. Amekaa saa nzima bandani. Hakuuliza moja kwa moja, alizungukazunguka: huyo mama ni mtu wa wapi, ni mjane? Nikasema wa upande wa mji wa Dauphin. Ndiyo, mjane. Uongo unatoka kama maji. Akasema, basi wewe mzee una bahati, mimi hata paka amenihama.

Tulicheka wote wawili. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka na mtu humu bandani. Nikamwonyesha maganda. Akayageuza mkononi, akasema kazi safi hii.

Alipoondoka nilitamani arudi.

Jumapili, 27 Septemba

Simu haikulia. Binti yangu Lesia hajapiga tangu Krismasi. Ana kazi, ana mume, ana mji wake. Mtoto akikua ndivyo. Najiambia hivyo kila Jumapili, na kila Jumapili sitoki nje mpaka saa nane mchana, isije ikalia.

Ijumaa, 2 Oktoba

Kwale wawili! Vichakani karibu na bwawa la biva, wale wanyama wanaoziba mto kwa miti. Maganda yamefanya kazi kama saa, na baada ya kupigwa yanatoka kwa kidole tu. Bunduki hii ndogo ilikuwa ya Stefka. Alikuwa akinicheka mimi na ile yangu kubwa, akisema unawinda kwale au tembo?

Nimepika mmoja kwa kitunguu na krimu. Nusu imebaki. Daima inabaki nusu.

Huyo wa pili nikampelekea Thora. Nilidhamiria kabisa kumwambia ukweli. Nilikuwa nimejipanga njiani, neno kwa neno. Kabla sijafungua mdomo akanikabidhi chupa ya jemu ya beri, akasema ni yenu wawili. Nikasema Thora, sikiliza. Akasema, wewe sikiliza! Nimempigia Lesia. Namba yake ninayo tangu mazishi. Mzee, mtoto amelia kwa furaha.

Nimerudi nyumbani na jemu. Kwale nimemwacha kaunta. Ukweli nimerudi nao.

Jumapili, 4 Oktoba

Simu imelia! Saa nne asubuhi. Nikaangusha kiti.

Alikuwa Lesia. Akasema, Baba, mbona hukuniambia? Nikasema, we mwanangu, mambo yenyewe madogo. Akasema si madogo. Akasema alikuwa hawezi kuja. Kila akifikiria mimi nimekaa mezani peke yangu, na kiti cha mama kitupu, miguu inakataa. Sasa ataweza. Anakuja Sikukuu ya Mavuno, wiki ijayo. Anataka kumwona huyo mama niliyempata.

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Nikasema, njoo mwanangu. Nitafurahi.

Nikimwambia, hatakuja. Nisipomwambia, atakuja na kukuta hakuna mtu. Nimelipindua jambo hili mchana kutwa na halina upande mzuri.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimepasha shingo ishirini. Nimepasua tisa. Nimeacha.

Jumapili, 11 Oktoba

Naandika bandani kwa penseli. Nimemwambia Lesia nafuata kuni.

Amefika saa sita, peke yake. Amekonda. Kanikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Nikauliza, mumeo Gordon yuko wapi, anaegesha gari? Akasema tule kwanza. Akauliza, na huyo mama je? Nikasema ameenda kwa dada yake, atachelewa. Mungu anisamehe, nimesema hivyo bila hata kupepesa.

Akaanza kukanda unga wa vibumba vya kujaza viazi, kama mama yake, mikono hadi viwiko. Mimi namenya viazi. Bila kunitazama akasema Gordon ameondoka. Tangu Februari. Hakutaka kunibebesha lake juu ya langu, ndiyo maana hakupiga simu. Alikuwa anakaa kwenye ile nyumba taa zimezimwa, ili majirani wadhani hayupo.

Februari! Miezi minane mtoto wangu amekaa gizani, na mimi huku nasubiri simu, nanung'unika kwamba amenisahau.

Nikaacha kisu. Nikasema Lesia, kuna kitu. Akanikatiza. Akasema, Baba, Thora aliponipigia nilikuwa nimelala sakafuni. Kweli, sakafuni. Nikasikia baba yangu, na umri wake, amepata mtu. Nikajiambia, basi kumbe inawezekana. Niliamka siku ile. Nikafungua mapazia. Nataka tu nimshike mkono huyo mama, nimuulize, mlianzaje?

Halafu akatabasamu na unga puani. Anaitwa nani?

Nikasema ngoja nifuate kuni.

Ameshaandaa meza, namwona kupitia dirisha. Sahani tatu. Anahamisha kiti cha Stefka, anakiweka karibu na jiko mahali pa joto, anakipangusa.

Nimeingia huku ili nipange maneno, na nimejaza ukurasa bila kupata hata moja la kumwambia. Mlango wa jikoni umefunguliwa. Ananiita: Baba, hizo kuni unazichonga au unazipanda?

Nimesema naja. Bado nimekaa.