Dawa Tuliyoiita Nasieku

Kijenge, Arusha
14 Juni 1996

Mpendwa dada Lydia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Ujerumani, umevaa soksi mbili mbili kama kawaida yako, na mitihani ya uuguzi imekwisha salama. Mama hajambo, ila magoti. Mimi nipo.

Uliniuliza habari za shemeji yako na ile dawa ya kupe. Nimechelewa kujibu, unisamehe. Unakumbuka alikuwa akifundisha udaktari wa mifugo chuo kikuu, na utafiti wake wa gome la mti alioonyeshwa na marehemu mama yake umelala kabatini. Kazi yangu pale ofisini ndiyo hiyo, kuwasaidia wasomi kuutoa utafiti kabatini uende dukani. Siku hizi biashara ni huria, maduka yamejaa dawa za nje, nasi tukasema ya kwetu nayo ipate nafasi. Akaacha ualimu, tukapanga chumba Moshono cha kuchemshia na kufungasha.

Jina nililichagua mimi. Nilimwambia kwa kuwa dawa ni ya mama yake, iitwe kwa jina lake, Nasieku. Sisi Wachaga tunavyogombania majina ya bibi zetu, niliona hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Aliligeuza gome mkononi, kisha akasema sawa, kama mimi nimependa. Nilidhani ameguswa.

Huko Moshi dawa ilinunuliwa. Kwao mume wangu, magharibi ya Mlima Meru, tulikotegemea kuliko kote, haikuguswa. Mwishowe kaka yake, Lerionka, alikuja hapa nyumbani, akamaliza chai yake ndipo akasema. Alitueleza kwamba kwao jina la marehemu halitamkwi na ndugu zake. Dawa iko nyuma ya kaunta, lazima uiombe kwa jina; sasa wataingiaje dukani kumwita mama aliyekwisha lala? Na majirani, wakiona hata boma la daktari mwenyewe halinunui, wanadhani ina kasoro. Nilimuuliza mume wangu kwa nini hakunikataza. Alisema nilifurahi mno siku ile, akashindwa. Nililia kwa hasira na aibu, dada.

Yeye hakumlaumu mtu. Alibandua lebo zote, akabeba dawa kwenye madumu, akapita boma kwa boma katikati ya masika. Waliinunua, tena wakamwomba arudi! Alikuja nyumbani amelowa chapachapa, anacheka, anakohoa.

Nimezunguka sana kwa sababu sijui kuliandika hili. Ilikuwa homa ya mapafu. Tulimzika kwao mwezi uliopita. Ni mimi niliyemzuia mama asikupigie simu kabla ya mitihani.

Dawa inauzwa bado, Lerionka ameishika. Lakini tangu mazishi hakuna wa kwao anayelitaja jina la ndugu yao. Si ubaya, ndiyo heshima yao, nami nimejaribu kuifuata. Barua nzima hii nimeandika shemeji yako, mume wangu. Nashindwa, dada. Nyumba imekuwa kimya mno. Lesian. Lesian wangu. Ukinijibu, usiniandikie pole tu. Andika na jina lake, nilisome kwa sauti.

Mama anakusalimu sana, na Lerionka pia. Usikatishe masomo kwa ajili yangu. Mungu akulinde.

Mimi mdogo wako,
Anjela