Supu ya Baba Iliyoenguliwa Mafuta

Malangali, Sumbawanga
Juni 9, 2024

Kaka yangu mpendwa Adolfu,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Wifi Sharon hajambo? Na watoto, kile kikohozi kimewaachia? Huku Malangali baridi imekaza, asubuhi tunatoka nje na mablanketi mabegani kama wazee wa baraza. Mimi ni mzima, shemeji yako ni mzima, mahindi tumevuna na panya wameshaanza kuyaonja. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea unasema uko buchani una wateja, unakata. Barua haikatwi, kaka. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa wazazi Kasense baada ya misa. Kabla sijafika jikoni kwa Mama harufu ya supu ikanipokea mlangoni, nikawa mtoto tena. Unakumbuka kongoro ya Krismasi, ile supu ya miguu ya ng'ombe? Tulikizunguka chungu mimi na wewe, unayapuliza mafuta yaelee upande wako, halafu unayachota mimi nikiwa bado napiga kelele. Yaliyobaki kwenye vidole ulijipaka magotini, Baba akacheka akasema mtoto huyu hatatugharimu losheni. Na msimu wa kulima je? Maksai wetu Chapakazi na Mweusi mbele, Baba nyuma na plau, sauti yake inasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Nilipoikumbuka ile sauti machozi yalinitoka, nikamwambia Mama ni moshi.

Maana Baba wa sasa halimi wala hapigi kelele. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba, kimeiva chekundu, hata shuka likikigusa anashtuka. Goti nalo limeanza. Mwaka jana alikwenda hospitali peke yake kwa bodaboda, akarudi akatuambia ni gauti, ule ugonjwa wazee wanaouita jongo, na kwamba daktari amemkataza mafuta ya wanyama. Hakuongeza neno. Mama akaishika habari hiyo kama amri ya Mungu. Mafuta ya nguruwe yakatoka jikoni, ikaingia alizeti, nayo kwa kijiko.

Sasa sikia alivyofanya na mzigo wako. Zile kongoro unazotuma kwa basi kila Jumamosi, na figo na ini unavyoweka juu yake, anavichemsha pamoja mpaka usiku, kisha anaiacha sufuria nje ipigwe na baridi. Asubuhi mafuta yameganda juu, anayanyanyua yote kama kifuniko. Supu inayobaki haina hata tone la mafuta. Baba anapewa bakuli asubuhi na bakuli jioni, na Mama anasimama pale mpaka limalizike, akisema kongoro inarudisha ute wa magoti. Nani kwetu asiyejua hivyo? Hata mimi nilimsifu.

Lakini kadiri alivyokunywa ndivyo mguu ulivyozidi. Jumatatu nikampeleka hospitali mwenyewe, nikaingia naye mpaka ndani. Daktari alisema ni kweli mafuta mengi hayamfai, yanamwongezea uzito na kuzipa figo kazi ngumu zaidi ya kutoa uchafu mwilini. Ila kinachomchoma zaidi hakielei juu, kimeyeyuka ndani ya supu yenyewe. Nyama, hasa figo na maini, na mchuzi wake uliochemshwa sana, vikifika mwilini vinatoa asidi ya yuriki. Ikizidi kwenye damu inaganda viungoni kama chembe za chumvi, na hizo ndizo zinazomuunguza. Kumbe Mama amekuwa akimwondolea adui mdogo na kumnywesha mkubwa! Daktari alisema figo za Baba zimeanza kuchoka, na asipoacha, dawa peke yake hazitamsaidia, ataishia kitandani. Kisha akamgeukia Baba, akamuuliza mbona haya yote alimweleza mwaka jana, akamtajia supu, maini, figo na pombe kimoja kimoja. Baba akaangalia dirishani kama mtoto aliyeulizwa hesabu.

Unaujua mdomo wangu. Tulipotoka nilimsema Baba njia nzima, nikamuuliza kwa nini alileta nyumbani nusu ya maneno ya daktari, nusu nyingine akaimeza. Aliniacha nikachoka. Ndipo akasema jambo hili.

Alisema siku ile ulipomtoa Chapakazi zizini bila kumwambia, ukaenda kumchinja ili ufungue bucha, alikuambia usikanyage tena kwake. Alisema alikuwa na hasira, ng'ombe yule alikuwa ametulisha sote, lakini ng'ombe si mtoto. Akangoja urudi ugomvi uishe. Hukurudi. Kisha Jumamosi moja kondakta akashusha ndoo ya kongoro, haina salamu wala jina, naye akajua ni wewe. Alisema kwa mdomo wake alikufukuza, na kama angekikataa cha kwako kwa mdomo huohuo, ungejua umefukuzwa mara ya pili. Ndiyo maana alimficha Mama habari ya supu. Kaka, Baba amekuwa akinywa ile supu akijua inamuumiza.

Mama nimemwambia. Alilia kwanza, akijiona yeye ndiye aliyemuumiza mume wake kwa mkono wake. Halafu akamgombeza Baba kwa Kifipa, maneno ambayo siyaandiki. Halafu akampikia uji wa ulezi. Nikadhani yamekwisha. Lakini jana ndoo yako ikafika, Mama akataka kuigawa yote kwa majirani, Baba akasema abakiziwe bakuli moja, kondakta asije akakufikishia kwamba cha kwako kimetolewa nje. Akanywa, sote tukimtazama. Leo hawezi kusimama.

Kwa hiyo, kaka, fikiri pamoja nami. Ukituma tena, atakunywa. Ukiacha kutuma, atasema mwanangu ameninyima hata hiyo, na sijui kama atalimudu hilo kuliko anavyoumudu mguu. Mimi sioni njia isipokuwa moja: Jumamosi ijayo usiweke kitu ndani ya basi ila wewe mwenyewe. Njoo mikono mitupu. Ukiona aibu, uone hivyohivyo ukiwa njiani.

Mama anakusalimu, anasema chumba chako hakijawahi kulala mtu mwingine. Shemeji yako anakusalimu. Wabusu watoto, na wifi mwambie namdai kitenge. Baba nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana neno. Akasema nikuulize kama mvua inanyesha huko Namanyere.

Mwezi wa sita, kaka! Mvua gani inanyesha Ufipa mwezi wa sita? Anakuita.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Luciana