Shayiri ya Mzazi

Ghorofa ya Pili, Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
Jumanne, tarehe 14 Machi.

Mdogo wangu mpendwa Kijiti,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji na mapacha. Mgongo unaendeleaje? Tafadhali usijitie ushujaa wa kubeba ndoo. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho imekuwa juu juu tangu wiki iliyopita, ndiyo maana unaona mwandiko unakwenda upande.

Mjukuu amezaliwa! Wa kike, nywele kama kofia. Ila furaha yangu ilidumu siku tatu tu. Mkwe wetu, unajua kwao ni Ethiopia, akawa hali chakula. Si kwa ubishi. Anashika kijiko, anakitazama, anakirudisha. Maziwa yakapungua. Muuguzi wa kliniki akampima mtoto, akaniambia, "Bibi, huyu mama lazima ale. Mtoto anapungua. Mrudi Jumatatu."

Mwanangu, na ufundi wake wa umeme, yuko safari ya kazi mpaka mwisho wa mwezi. Basi nikabaki mimi na mkwe na mtoto.

Nilipika kila ninachokijua, na unajua ninavyojisifia mapishi. Sahani zikarudi vilevile. Lakini nilikuwa nimemsikia akitaja neno moja mara tatu kwenye simu na mama yake: genfo. Nikamuuliza.

"Ni uji mzito wa shayiri, mama," akasema. "Kwetu mzazi hupewa, na samli na berbere. Lakini huku haupatikani. Usijisumbue."

Berbere ni pilipili yao nyekundu, iliyosagwa pamoja na viungo chungu nzima. Usijisumbue! Niliacha magauni ya wateja yamelala juu ya cherehani, nikatoka.

Supamaketi walinipeleka kwenye rafu ya sabuni. Muuza viungo sokoni akanifungia pilipili ya kawaida, akaapa ndiyo yenyewe. Niliinusa nikapiga chafya tu. Shayiri niliipata nisikotegemea kabisa, kwenye duka la vyakula vya mifugo. Mwenye duka akanihakikishia haijatiwa dawa, kisha akauliza, "Una ng'ombe wangapi?" Nikajibu mmoja. Mungu anisamehe, nilimjibu hivyo nikimfikiria mkwe wangu!

Aliyeniokoa ni msusi mmoja mwenye saluni karibu na posta, naye ametoka huko huko Ethiopia. Nilipomwomba berbere, mwanzoni alikataa. "Siuzi. Hii natumiwa na dada yangu."

"Ni ya mzazi," nikamwambia. "Hali chakula."

Akamwacha mteja na povu kichwani, akatoa kopo chini ya mataulo, akanijazia kikombe. Alichouliza tu ni mtoto wa kike au wa kiume.

Nikachambua shayiri, nikaiosha, nikaianika, nikapeleka kusaga. Nikapika. Mkwe akaonja kijiko kimoja, machozi yakamtoka, akageukia ukutani. Kijiti, siku hiyo nilijua nimeharibu kabisa. Nilijifungia jikoni nikawaza kwamba huyu binti atafunga mizigo yake arudi kwao na mjukuu wangu, na nani atamlaumu?

Nikapiga moyo konde, nikachukua simu yake, nikampigia mama yake kwa video. Hajui neno langu hata moja, nami sijui lake. Nikamwonyesha unga. Akatikisa kichwa. Nikamwonyesha shayiri nzima; akashika kikaango kitupu, akaanza kukoroga hewa. Kumbe hukaangwa kwanza kabla ya kusagwa! Nikakaanga mbele yake mpaka ikanukia, naye akinikemea kila nikipunguza mwendo. Unga wa safari hii niliusaga kwa mashine yangu ndogo ya viungo. Tukasonga pamoja, yeye huko, mimi huku, tunatoa jasho kama watu wawili wanaosukuma gari bovu. Nikachimba shimo katikati, nikamimina samli na berbere.

Mkwe alisikia sauti ya mama yake. Akatoka chumbani kwa miguu yake, akaketi, akala.

"Si yenyewe, mama," akasema mwishowe. Nikanyoosha mkono kuchukua sahani, akaishika kwa mikono miwili. "Usiiondoe."

Jana Jumatatu tumerudi kliniki. Mtoto ameongezeka, si sana, lakini muuguzi ametabasamu. Wasiwasi haujaniisha. Kikombe cha berbere kinakaribia kwisha, na aibu inanishika kurudi kwa msusi. Huko kwenu umewahi kusema maduka ya Waethiopia yapo. Nitumie berbere na ile iliki yao kubwa ya kahawia, hata kifuko, kwa yeyote anayekuja.

Wasalimie shemeji, mapacha, na shangazi wa ghorofa ya chini. Mwambie bado namdai ile ahadi ya kuyapumzisha magoti yake. Mola akulinde wewe na wote waliolala chini ya dari yako.

Naacha hapa. Simu inalia, ni yule mama wa mkwe wetu. Siku hizi ananipigia mimi kwanza.

Ni dada yako asiyechoka kukupenda,
Bi Sindano